Mume Wangu Alihama Digrii Tatu

Mimi na mume wangu tunaonana kila siku, lakini kwa darubini. Yeye ana mnara wake juu ya kilima cha ng'ambo, mimi nina wangu juu ya kilima cha huku, na katikati kuna bonde la kilomita sita. Tunakaa pamoja siku nne tu kwa mwezi, tukishuka likizo nyumbani kwetu mjini. Siku zote zinazobaki ndoa yetu inapita kwenye redio, na kikosi kizima cha zimamoto kinaisikiliza bure.

Kazi yetu ni kutafuta moshi. Mnara wangu una vidato themanini na sita, na juu kuna chumba kimoja chenye vioo pande zote nne. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, redio, na pale katikati ambapo mtu mwenye akili angeweka meza ya kulia kuna meza ya duara yenye ramani. Ramani imezungukwa na pete ya shaba yenye digrii mia tatu na sitini, na juu yake inazunguka rula ndefu ya kulengea. Ukiona moshi unaulenga, unasoma digrii, unazitaja redioni. Mume wangu naye anataja zake. Kule makao makuu Dada wa Redio anachora mistari miwili, mmoja kutoka kwangu na mmoja kutoka kwake, na pale inapokatana ndipo magari yanapokwenda. Mstari mmoja peke yake haumfai mtu. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa serikali imetegemea kwamba mke na mume watakubaliana. Aliyebuni mpango huo nadhani alikuwa bado hajaoa.

Kila siku saa moja asubuhi huanza yeye.

"Juu Mbili anaita Juu Moja. Umeamka, au bado unaziaga ndoto? Ova."

"Nimeamka zamani, kipofu wewe. Ova."

Ananizidi miaka tisa, na kwa utani wa macho nilikuwa simsazi. Akichelewa kuona moshi kwa dakika moja tu, namuuliza kama nimtumie fimbo. Yeye hujibu kwamba mnara wake una vidato tisini, vinne zaidi ya wangu, kwa hiyo nikitaka kuongea naye niinue uso kwa adabu. Wale vijana wa magari huko chini wanacheka mpaka wanasahau kuzima redio zao. Ndivyo tulivyozoea, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka macho yangu mimi yalipoanza kunifanyia vituko.

Ilianza kwa uzi na sindano. Ikaja kwenye pete, namba zikawa zinaogelea. Halafu siku moja nikatangaza moshi, nikatoa na digrii kwa sauti ya kujiamini, kumbe ni vumbi la trekta. Hapo moyo ukanipasuka. Likizo ilipofika nikamwambia mume wangu naenda sokoni, nikaenda kwa mpima macho. Mpima macho mwenyewe binti mdogo mwenye sauti ya upole, akanishika mkono akaniambia, "Ni umri tu, mama." Nilitamani kumrushia kiti.

Lakini miwani aliyonipa, jamani! Nilipopanda nayo mnarani nikaivaa, nikaona mti mmoja mmoja kwenye msitu ambao kwa mwaka mzima ulikuwa blanketi la kijani. Nikaona ng'ombe akitafuna. Nilikaa kwenye kitanda nikalia kidogo, si kwa huzuni, ni kwa kujua nilikuwa nimepoteza nini bila kuambiwa.

Nikaificha. Msinicheke kwanza. Zamani tulikuwa na mnara wa tatu, na mlinzi wake tulimwita Mwewe kwa jinsi alivyoona mbali. Alionekana na miwani Jumatatu, Ijumaa yake alikuwa ameshahamishiwa stoo kutunza mapanga na mipira ya maji, na mpaka leo yuko huko. Ile stoo ni chumba cha nyuma ya makao makuu ambacho hakina dirisha hata la kupitisha mkono. Mimi asubuhi naona mvua ikitoka wilaya nyingine na jioni naijua inakokwenda kunyesha. Unifungie mle ndani? Na tena mume wangu, baada ya miaka yote niliyomwita kipofu, angenisamehe lini? Kwa hiyo kasha la miwani nikaliweka kwenye droo ya meza, chini kabisa ya ramani. Kasha zuri jeusi, ukikilaza kifuniko linajifunga lenyewe, tap. Nikawa naivaa nikiwa peke yangu, na nikisikia mtu anapanda ngazi kuniletea maji au mtungi wa gesi, naivua.

Sasa kuna jambo la Jumatatu. Huku juu upepo haulali, mnara unatikisika, na ile pete husogea kidogo kidogo. Kila Jumatatu asubuhi unaweka dira juu ya ramani, unangoja sindano itulie, unazungusha pete mpaka sifuri ikae kaskazini barabara, unakaza skrubu, unaiondoa dira. Nilifanya hivyo kama kawaida, tena safari hii nikiona vizuri kuliko miaka mitano iliyopita.

Jumanne moshi ukatokea kusini. Nikataja digrii zangu, mume wangu akataja zake, Dada wa Redio akachora. Magari yakafika pale mistari ilipokatana, yakamkuta bwana mmoja anapalilia maharage yake kwa amani. Moto ulikuwa nyuma ya ukingo wa pili, na walipoufikia ulikuwa umeshakula nusu ya kilima.

"Juu Moja," akasema mume wangu, "leo ulilenga kwa jicho au kwa kiwiko? Ova."

"Jiulize mwenyewe, babu. Ova."

Tulicheka. Wiki iliyofuata hatukucheka. Moto wa pili ulianza kwenye majani makavu ya upande wa magharibi, magari yakaenda mahali pasipo moto, na mpaka yanageuza, mizinga thelathini ya nyuki ya mzee mmoja ilikuwa imeteketea. Yule mzee alishika redio ya dereva kwa mkono wake mwenyewe. Hakutukana. Aliuliza tu, "Huko juu mnaangalia nini?" Mpaka leo swali lile sijalisahau.

Usiku ule nilimlaumu mume wangu na yeye akanilaumu mimi, na safari hii hapakuwa na utani. Nilimwambia macho yake yamekwisha, aache kung'ang'ania. Akaniambia nisome vizuri ile pete. Nikazima redio. Kwa kuwa nilikuwa na miwani mpya usoni, nilikuwa na uhakika kama wa jua kuchomoza. Kilichoniuma ni kwamba ushahidi wangu ulikuwa wa kufichwa kwenye droo na siwezi kuutoa.

Mkuu wa Kikosi naye akachoka. Ni mtu wa maji na mipira, mambo ya meza zetu hayajui, na mara zote mbili moto ulikuwa umetembea na upepo ukaunguza eneo pana, kwa hiyo hata ramani haikuweza kusema mstari wa nani ulikuwa wa uongo. Akatangaza redioni, wote wakisikia, "Mmoja wenu anaona vibaya. Ijumaa napanda huko. Mmoja atashuka na mimi kwenda stoo, na mahali pake nitaweka mtu mwenye macho. Ova."

Nikamnunia mume wangu siku sita. Saa moja asubuhi aliita, sikujibu ila kwa "nakusikia, ova" ya kikazi. Upande wa kilima chake sikuuangalia kabisa. Nilizunguka chumba kile nikitafuta moshi kaskazini, kusini, magharibi, na nikifika dirisha lake nageuza shingo kama mtu aliyepita mlangoni kwa anayemdai. Jumatatu ikapita katikati ya hasira hizo, nikanyoosha meza kwa dira, nikakaza skrubu.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, Dada wa Redio akaniita kwenye chaneli ya pili, ile ya siri.

"Shangazi, umesikia? Mjomba amempigia Mkuu jana. Amesema kosa ni lake. Amesema macho yake yamezeeka, wasikusumbue wewe, yeye yuko tayari kushuka. Mkuu yuko njiani anamfuata. Ova."

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga meza kwa furaha. "Si nilisema!" nikapaza sauti, peke yangu na vioo vyangu. Nikajipikia chai ya ushindi.

Chai ikanishinda nusu kikombe. Nikaanza kumfikiria mtu huyo aliyekiri kosa. Mume wangu mimi? Mwanamume ambaye mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alitia chumvi kwenye chai akidhani sukari, na badala ya kusema amekosea akainywa yote, akaongeza kikombe cha pili, akaniambia ndivyo anavyoipenda? Aliinywa hivyo wiki nzima! Mtu huyo hajawahi kukiri kosa hata usingizini. Sasa leo ameamkia wapi?

Nikaenda kwenye dirisha lake kwa mara ya kwanza baada ya siku sita, nikashika darubini. Alikuwa anakunja godoro. Alilikunja, likakunjuka, akalikalia, akalifunga kwa kamba. Shati lake la kazi alikuwa ameshalitundua kwenye msumari. Moyo wangu ukawa mzito ghafla, nikasema angalau nimlenge mara ya mwisho, kama tunavyofanya kila mwanzo wa kiangazi kuhakikisha meza zetu. Kutoka kwangu paa lake liko digrii mia moja na kumi na mbili. Namba hiyo naijua kuliko tarehe ya harusi yetu, na mwanzo wa msimu huu nilipomlenga alikuwa palepale.

Nikazungusha rula, nikalenga ncha ya paa lake, nikasoma.

Mia moja na kumi na tano.

Nikafuta miwani, nikasoma tena. Mia moja na kumi na tano. Mume wangu amehama digrii tatu! Nikatoa dira, nikaiweka juu ya ramani. Sindano ikatulia kwenye sifuri, safi kabisa, haina neno. Sasa, ama kilima cha watu kimesogea, ama dira inaniongopea. Jasho likanitoka, miwani ikaingia ukungu, nikavuta droo nitoe kasha, maana ndani yake kuna kile kitambaa laini cha kufutia. Nikaliweka kasha mezani, kando ya dira.

Sindano ikageuka kulitazama.

Nikalisogeza kasha kulia, sindano ikafuata kulia. Nikalipeleka kushoto, ikafuata kushoto. Nikalifungua, nikalifunga, tap, na ndipo nikaelewa linajifungaje bila kifungo: lina sumaku. Wiki tatu lilikuwa limekaa ndani ya droo, chini ya ramani, likiivuta dira yangu polepole, na mimi kila Jumatatu naizungusha pete kwa uangalifu mkubwa mpaka inakosea vizuri. Kitu nilichokificha ili nisionekane sioni ndicho kilichonifanya nikose. Mizinga thelathini ya mzee wa watu niliichoma mimi.

Nitasema ukweli wangu. Nilisimama pale na shetani akanishauri. Geuza pete digrii tatu, akasema, tupa kasha bondeni, nyamaza. Meza itakuwa sawa, mistari itakatana panapotakiwa, na watu wote watasema si mnaona, tatizo lilikuwa yule mzee. Yeye mwenyewe amejitolea, nani amemlazimisha? Nilishika ile skrubu kabisa.

Halafu nikaangalia tena kwa darubini. Mkuu alikuwa anapanda, kofia yake nyekundu iko karibu kidato cha hamsini, anapumzika kila baada ya vitatu. Na mume wangu alikuwa amesimama dirishani na mikono nyuma, anatazama nje pande zote, moja baada ya nyingine, taratibu, anaaga. Nikakumbuka ile stoo isivyo na dirisha. Nikashika redio, chaneli ya kwanza, ile ya wote.

"Juu Moja anaita Juu Mbili. Ova."

Nikaita tena.

"Juu Moja anaita Juu Mbili, na najua unanisikia, usijitie hamnazo. Ova."

"Juu Mbili hapa. Leo Juu Moja ana sauti. Ova."

"Fungua hilo godoro. Ova."

"Umelionaje godoro? Ova."

"Nimeliona kwa miwani. Ova."

Nikasikia mtu huko kwenye magari akisema "Heee!" Nikaendelea kabla ujasiri haujaniishia. Nikasema yote: mpima macho, kasha, droo, sumaku, dira, digrii tatu, mizinga. Nikasema kosa ni langu tangu moto wa kwanza, na kwamba Juu Mbili hajakosea hata robo digrii, na kwamba kumi na tisa ni miaka mingi ya kumwita mtu kipofu. Nikaachia kitufe.

Kwanza waliangua kicheko, redio nzima. Halafu ikasikika sauti ya Mkuu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika juu na pumzi hana. "Kasha... la nini? Ova."

"La miwani, Mkuu. Ova."

"Na ripoti... nitaiandikaje hii? Ova."

Akachukua redio mume wangu. "Mimi nilijua ana miwani. Ova."

"Ulijua wapi wewe!" nikasema, hata ova nikaisahau.

"Wiki tatu sasa. Saa moja asubuhi jua likipiga upande wako, kuna kitu kinametameta dirishani. Siku ya kwanza nilidhani umevunja kioo. Siku ya pili nikaona kinageuka pamoja na kichwa. Nikajua. Ukaanza kukosea, nikasema basi, macho ya mke wangu yanakwisha na hataki kusema, na ukimpeleka kwenye kile chumba atakufa siku ya pili. Mimi ni mzee, nitakaa huko na Mwewe tucheze bao. Ova."

Kwa kuwa sijui kulia mbele za watu, nikafanya ninachokijua. "Na wewe saa moja asubuhi unaangalia nini huku kwangu? Mimi ndiye moshi? Ova."

"Kila siku," akasema. "Miaka kumi na tisa. Kabla sijaangalia moshi, naangalia kwanza kama umeamka salama. Ova."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkuu alikuwa bado anatafuta pumzi. Nilibonyeza kitufe, nikakiachia. Nikabonyeza tena.

"Juu Moja, uko hewani? Ova," akauliza mume wangu.

"Nipo."

"Nilenge tena. Niko ngapi? Ova."

Kasha lilikuwa nimeshaliweka nje kwenye ngazi, mbali. Nikanyoosha pete kwa dira iliyo na akili zake, nikakaza skrubu, nikazungusha rula mpaka kwenye ncha ya paa lake. Nikasoma kwa sauti ili kikosi kizima kisikie. "Mia moja na kumi na mbili. Ova."

"Basi mimi sijahama. Ova."

Mkuu hakushuka na mtu siku ile. Alisema amepanda vidato tisini na hana nguvu ya kupanda vingine themanini na sita kuja kunigombeza, kwa hiyo akanigombeza kwa redio, robo saa nzima, na nilistahili. Stoo hakuitaja tena: alisema mwenye miwani anayesoma mia moja na kumi na mbili ana macho ya kumtosha. Adhabu yangu ni kwamba likizo zote za msimu huu nakwenda kwa mzee wa nyuki kumsaidia kutengeneza mizinga mipya. Tumefika mzinga wa kumi na moja. Mume wangu naye huja, anashika mbao mimi nikipigilia, na kila nyundo ikikosa msumari anauliza kama nina sumaku mfukoni.

Kasha linaning'inia chini kabisa ya mnara, kwenye msumari wa kidato cha kwanza. Miwani nimeifunga uzi, inakaa shingoni au usoni, mchana kutwa, aone anayetaka. Na saa moja asubuhi, jua linapotokea nyuma ya kilima chake, naacha kila kitu, nasimama dirishani, nageuza kichwa polepole mpaka najua limenimulika sawasawa. Asipoita ndani ya dakika moja, namwita kipofu.